Chura wa Afrika aliyepima mimba Ulaya

Haya, leo tuweke siasa pembeni tuongee habari za chura. Usicheke kwanza.

Kuna watu Ulaya wanaofuga vyura sebuleni, ndani ya matangi ya kioo kama samaki. Mmoja wa vyura hao kwa kitaalamu ni Xenopus laevis. Hutoka majini kwa nadra, hana ulimi, chakula anakisukumia mdomoni kwa mikono. Kwao ni kusini mwa Afrika. Binamu yake, Xenopus muelleri, tunaye hata hapa pwani. Sasa alifikaje huko?

Kisa kinaanzia Cape Town. Mwaka 1927 Mwingereza Lancelot Hogben alikwenda kufundisha zoolojia pale, na mwaka 1930 akaeleza kuwa jike wa chura huyu akidungwa dawa iliyotokana na tezi ya ng'ombe hutaga mayai. Muda si mrefu watafiti wakaonyesha kuwa mkojo wa mama mjamzito unafanya kazi ile ile. Kabla ya hapo walitumia panya: unamdunga, unasubiri siku kadhaa, unamuua na kumpasua. Chura alitoa jibu ndani ya siku moja, akapumzishwa, akatumika tena. Basi wakasafirishwa kwa maelfu.

Miaka ya 1960 vikaja vipimo visivyohitaji mnyama, na kibarua cha chura kikaota nyasi. Akabaki maabara, ambako John Gurdon wa Oxford alifanya naye kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2012. Wengine wakaishia majumbani.

Kumzalisha nyumbani si lazima sindano. Wafugaji huiga msimu wa mvua: wanabadilisha maji na joto lake, kisha wanaacha giza na utulivu. Dume huwa mweusi sehemu ya ndani ya mikono, akamkumbatia jike kiunoni usiku kucha. Asubuhi kuna mayai mamia, na wazazi wasipoondolewa haraka watayala wenyewe!

Hapo ndipo penye utata. Viluwiluwi mamia, tangi moja, na chura anaweza kuishi zaidi ya miaka 15. Wapo waliochoka wakawamwaga mitoni. Leo wamezagaa Ufaransa, Chile na California, wakila viumbe wa huko. California imepiga marufuku kabisa kuwafuga. Mwaka 2004 walishukiwa pia kuwa chanzo cha ukungu unaoua vyura duniani, ingawa utafiti wa vinasaba wa mwaka 2018 ulielekeza asili yake Asia ya Mashariki.

Mimi nasema hivi: chura huyu hakuomba viza. Alichukuliwa, akatumikishwa, alipoisha faida akatupwa, kisha akaitwa mvamizi. Kwa hiyo wewe unayetamani kumfuga, kabla hujayahesabu mayai, hesabu kwanza matangi.

Au nakosea, jamani?