Kufuli la Bure: Jinsi Cheti cha HTTPS Kilivyoshuka Bei Hadi Sufuri

Leo tuweke msimbo kando kidogo tupige gumzo la historia. Ukikodi seva ya Linux siku hizi, unaipatia cheti cha HTTPS kwa dakika chache bila kulipa hata ndururu. Vijana wanaoingia kazini sasa hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu jadi. La hasha! Kwa takriban miaka 20 kufuli hili liliuzwa, na asiye na pesa alilala mlango wazi.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitaka watu wanunue bidhaa mtandaoni bila nambari za kadi zao kuibwa njiani. Ikabuni SSL, na toleo la 2.0 likatoka mwaka 1995. Mwanasayansi mkuu wa Netscape katika miaka hiyo alikuwa Taher Elgamal, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Misri.

SSL ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuficha maneno yanayopita kati ya kivinjari na seva. Ya pili ni kuthibitisha kuwa seva unayoongea nayo ndiyo uliyoitafuta. Kazi ya kwanza ni hesabu tu, na kompyuta haidai mshahara kwa kufanya hesabu. Ya pili inahitaji shahidi, yaani mamlaka ya vyeti, shirika ambalo vivinjari vimekubali kuiamini sahihi yake. Shahidi huyu ndiye aliyetaka alipwe.

Sisi wa nje ya Marekani tulikuwa na mkosi wa ziada. Serikali ya Marekani iliuwekea usimbaji masharti makali kama silaha, kwa hiyo kivinjari kilichopelekwa ng'ambo kilipewa ufunguo wa biti 40, ilhali Wamarekani wenyewe walikuwa na wa biti 128. Agosti 1995, Mfaransa Damien Doligez aliuvunja ufunguo wa biti 40 kwa siku 8. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2000.

Katika mwaka huo huo wa 1995, kijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Mark Shuttleworth, alianzisha Thawte, kampuni ya kuuza vyeti akiwa huko huko Afrika Kusini. Biashara ikanoga. Desemba 1999 kampuni ya VeriSign ya Marekani ilitangaza kuinunua kwa thamani ya dola milioni 575! Shuttleworth akaenda anga za juu mwaka 2002, kisha mwaka 2004 akatuletea Ubuntu, mfumo huria wa Linux. Kwa hiyo, wewe unayeweka cheti cha bure kwenye seva ya Ubuntu, jua kwamba mfumo huo wenyewe ulizaliwa na pesa za vyeti vya kuuzwa.

Benki na mashirika ya ndege yalimudu kulipa makumi au mamia ya dola kila mwaka. Shule ya kijijini au kikundi cha akina mama je? Hata aliyemudu bei alikuwa na kibarua: kutengeneza ombi, kulituma, kusubiri barua pepe, kunakili cheti hadi kwenye seva, kisha kukumbuka kurudia yote kabla ya tarehe ya mwisho. Mwaka 2003 wanaharakati wa CAcert, huko Australia, walijaribu kutoa vyeti vya bure. Vivinjari vikubwa havikuikubali sahihi yao, na mgeni wa tovuti alikutana na onyo la kutisha.

Kilichobadilisha mawazo ni hofu. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, programu ndogo iliyomwezesha mtu yeyote aliyeketi mkahawani kwenye Wi-Fi ya wazi kuingia katika Facebook ya jirani yake. Mwaka 2013 Edward Snowden akafichua ukubwa wa upelelezi wa serikali mtandaoni. Ikawa dhahiri kwamba si kurasa za malipo peke yake zinazohitaji kufuli.

Wakati huo kazi ilikuwa imeshaanza kimyakimya. Mwaka 2012 Josh Aas na Eric Rescorla wa Mozilla, pamoja na Peter Eckersley wa shirika la EFF na J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Michigan, walianza kupanga mamlaka isiyotafuta faida. Let's Encrypt ilitangazwa Novemba 2014, ikatoa cheti chake cha kwanza Septemba 2015, na ikafungua milango kwa umma Desemba mwaka huo. Kufikia Februari 2020 ilikuwa imetoa vyeti bilioni moja.

Waliwezaje? Walimwondoa binadamu katikati. Programu kama Certbot huomba cheti, nayo mamlaka hujibu: weka faili yenye neno hili maalumu kwenye tovuti yako. Certbot huiweka, mamlaka huja kuisoma kupitia lango namba 80, na ikiikuta hutia sahihi. Basi! Itifaki hiyo huitwa ACME, na mwaka 2019 ilikuwa kiwango rasmi cha intaneti, RFC 8555. Angalieni lakini: cheti hiki kinathibitisha kwamba unalimiliki jina la tovuti. Hakisemi kwamba wewe ni mtu mwaminifu. Tapeli naye hukipata.

Wengi huniuliza kwa nini cheti chao kinadumu siku 90 tu. Wanadhani ni ubahili wa vya bure. Kumbe ni makusudi: ufunguo ukiibwa, madhara yanaisha mapema, na muda mfupi unakulazimisha kuiachia mashine kazi ya kuhuisha. Wauzaji nao wameelekea huko huko. Aprili 2025 mamlaka za vyeti na watengenezaji wa vivinjari walipiga kura kwamba kufikia Machi 2029 hakuna cheti cha umma kitakachozidi siku 47.

Nayasema haya kwa sababu ujinga wa historia hii una gharama. Mteja wangu mmoja, muuza vipuri vya magari, alikuwa akitozwa kila mwaka na waliomhifadhia tovuti ada ya "usalama wa SSL". Nilipokitazama cheti chenyewe, kilikuwa cha Let's Encrypt. Alilipia kitu ambacho wenzake walihangaika miaka mingi ili apewe bure.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo ingia kwenye seva yako uandike:

sudo certbot renew --dry-run

Ni jaribio tu, halibadilishi cheti chako. Likifaulu, kunywa chai yako kwa amani. Likigoma, rekebisha sasa hivi, kwa maana tangu Juni 2025 Let's Encrypt imeacha kutuma barua pepe za kukumbusha. Bei imeisha, ulinzi wa kufuli umebaki kwako.