Pingamizi Mezani

Mchezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, akilitilia shaka neno la mwenzake, husimamisha saa na kutaka likaguliwe. Kitendo hicho tukiiteje? Chalenji ina wenyewe: shabiki wa soka akiisikia anawaza Kombe la CECAFA. Changamoto nayo imeshabebeshwa kila tatizo, kuanzia barabara mbovu hadi mbolea kuchelewa. Neno linalofaa ni pingamizi. Kila uchaguzi tunasikia mgombea kawekewa pingamizi. Msimamizi anaamua, mgombea anabaki au anaenguliwa. Mezani ni vivyo hivyo: neno linabaki, au aliyeliweka anaziokota kete zake na kuambulia sifuri.

Kuweka pingamizi kuna gharama. Katika mashindano ya Marekani, mpingaji aliyekosea hupoteza zamu. Katika mengi ya kimataifa, mwenzake huongezewa pointi 5 au 10. Pale adhabu inapokuwa kali, wajanja huthubutu kuweka neno la kuzuga, wakijua mpinzani ataogopa.

Mwamuzi ni orodha ya maneno, si ujuzi wa lugha. Orodha ya Collins, inayotumika katika mashindano ya dunia, inayo mzee, na wingi wake ni mzees. Weka wazee uone: litaondolewa. Inaudhi, lakini ndiyo kanuni.

Kwa Kiswahili mambo ni magumu zaidi. Tuseme mchezaji mjini Songea anaweka SONGEA. Majina ya pekee hayaruhusiwi, na mji huu umebeba jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Pingamizi linawekwa. Mchezaji anajitetea: mama huwasongea wageni ugali, kwa hiyo hicho ni kitenzi songa katika kauli ya kutendea. Nani ameshinda? Mimi ningempa pointi zake. Lakini kamusi zetu haziorodheshi kila mnyambuliko, sembuse viambishi: hatutawasongea ni neno halali kabisa ambalo hutalikuta limeandikwa hivyo katika kamusi yoyote.

Anayetaka kuandaa mashindano ya Kiswahili, Songea au kwingine, aitaje kamusi moja na aamue kuhusu minyambuliko na viambishi kabla kete hazijatolewa mfukoni. Bila hivyo, kila pingamizi litageuka kesi.