Mihogo ya Wembley: Historia Katika Sahani za Kiasia Jijini London

Nilipofika London kusomea shahada ya uzamivu, nilidhani kwamba adui yangu mkubwa angekuwa baridi. Kumbe alikuwa chakula. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Hong Kong alinicheka alipogundua kwamba nilikuwa nikila katika migahawa ya Mtaa wa Gerrard iliyobandika picha za vyakula mlangoni. Akanipa kanuni: usisome kilichobandikwa nje, tazama nani ameketi ndani. Nenda Jumapili, saa sita mchana. Ukiona vikongwe wamezungukwa na wajukuu, na watu wazima wakigombea kulipa, ingia. Kisha uliza kama kuna orodha ya pili, ile iliyoandikwa kwa Kichina tu.

Kanuni hiyo haijaniangusha hadi leo. Lakini mtu aliyezoea kusoma nyaraka hali chakula kwa amani. Nilijiuliza kwa nini wazee wale walizungumza Kikantoni na si lugha ya Beijing, na kwa nini makao yao yalikuwa Soho.

Jibu limo katika sheria za uhamiaji kuliko katika vitabu vya mapishi. Wachina wa mwanzo wa London walikuwa mabaharia waliokaa Limehouse, karibu na gati. Walikuwa mamia tu, ingawa magazeti na riwaya za Kiingereza ziliwavika sifa ya kuwa taifa zima la wavuta kasumba. Mabomu ya Wajerumani yaliharibu sehemu kubwa ya mitaa ile. Baada ya vita wakaja watu wengine kabisa: wakulima wa New Territories, upande wa bara wa Hong Kong, ambao mpunga wao haukuwalipa tena kwa sababu ya mchele wa bei nafuu uliotoka Thailand. Sheria ya Uraia ya mwaka 1948 iliwatambua watu wa makoloni kuwa raia wa Uingereza na makoloni yake, wenye haki ya kuingia. Soho wakati huo ilikuwa na sifa mbaya, hivyo kodi ya pango ilikuwa ndogo.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1962 iliyodai kwamba mtu wa Jumuiya ya Madola awe na kibali cha kazi kabla ya kuingia. Hapa ndipo penye utamu wa historia. Mkulima wa kijiji cha San Tin angepata wapi ahadi ya kazi London, kama si kwa binamu yake mwenye mgahawa? Ukoo mzima wa Man, watu wa kijiji hicho, ukajikuta jikoni. Sheria iliyotungwa kuwapunguza wageni iliwafanya wapishi watu ambao kwao walikuwa wakulima.

Linganisha na kwetu. Maelfu ya Wachina walijenga reli ya TAZARA katika miaka ya 1970. Waliishi kambini, wakalima mboga zao, wakajipikia, na kazi ilipokwisha wakarejea kwao. Waliacha reli na makaburi, hawakuacha migahawa. Wengi wa wanaopika Kichina Dar es Salaam leo walikuja baadaye, kwa biashara zao wenyewe.

Kuhusu mikahawa ya "Kihindi" ya Brick Lane sitasema mengi, ila kwamba wengi wa wenye mikahawa hiyo asili yao ni Sylhet, Bangladesh, na kwamba nao walitanguliwa na mabaharia. Mimi nilivutwa zaidi na Wembley, magharibi ya jiji, katika barabara iitwayo Ealing Road. Pale nilikuta katika orodha ya vyakula neno "mogo". Nikaagiza kwa udadisi. Ulikuja muhogo wa kukaanga, umepakwa pilipili na ndimu, kana kwamba nimekaa Forodhani. Neno letu lilikuwa limepoteza silabi katika vinywa vya Wagujarati wa Afrika Mashariki, kisha likapanda nao ndege.

Waliopanda ndege hizo hawakuwa watalii. Mwaka 1968, Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhama kwa wingi, Bunge la London lilipitisha sheria ya kuwazuia ndani ya siku 3. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na Uingereza ikawapokea takribani 28,000. Halmashauri ya jiji la Leicester ilinunua nafasi gazetini Uganda kuwasihi wasiende kwao.

Mzee aliyekuwa kwenye kaunta alinisikia nikisema "muhogo" badala ya "mogo". Akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi. Nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, bila kusita. Alizaliwa Dar es Salaam. Mwaka 1971 baba yake alikuwa na jengo la ghorofa tatu Kisutu, nalo lilichukuliwa chini ya sheria ya kutwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Mwaka uliofuata wakaondoka.

Nilinyamaza, na nataka msomaji ajue kwa nini. Darasani nimeitetea sheria ile. Mkoloni aliligawa jiji kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mpangaji Mwafrika asingeweza kulipa kodi za katikati ya jiji. Bado naamini kwamba udhalimu ule ulihitaji kuvunjwa. Lakini sikuwahi kumtetea mbele ya mtu huyu. Isitoshe, mjomba wangu, karani wa serikali, alikuwa mpangaji wa Msajili wa Majumba, na likizo zangu za utotoni nililala katika chumba chenye vigae vya maua vilivyochaguliwa na mama wa watu wengine.

Nikamweleza hayo. Ningeweza kuyaficha, muhogo ulikuwa mtamu na mvua ilikuwa ikinyesha nje.

"Mjomba alikaa mtaa gani?" akauliza.

Nikamtajia. Halikuwa jengo la baba yake. Lilikuwa la pili kutoka pale. Alifikiri kidogo.

"Maji yalikuwa yanafika juu?"

"Hapana, mzee. Tulikuwa tunayapandisha kwa ndoo."

"Na sisi pia," akasema, kisha akamwita kijana wa jikoni aniongeze sahani nyingine.