Bangi na sonona: kutoka Mathari hadi DeSoto



Mwezi uliopita, baada ya khitma moja hapa DeSoto, kusini kidogo ya Dallas, mzee mmoja wa kwetu alinivuta pembeni. Mkewe amefariki mwaka jana. Usingizi hapati, chakula hakipiti, simu hapokei. Kijana wa kazini kwake kamwambia bangi siku hizi ni dawa Marekani, tena ukivuka mto tu uko Oklahoma, inauzwa madukani. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma historia. Ni kweli hayo, au ndiyo nataka kuitwa mhuni uzeeni?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikaenda kupekua.

Swali lake ni la zamani kuliko tunavyodhani. Neno bangi lenyewe limetujia kwa njia ya bahari, asili yake Uhindini na Uajemi. Mwaka 1563 Garcia de Orta, tabibu Mreno wa Goa, alisimulia jinsi Bahadur, sultani wa Gujarat, alivyosema kwamba usiku akitaka kutembelea Ureno, Brazil au Uarabuni hula bangi kidogo tu. Orta anaongeza kwamba makamanda wa zamani waliitumia wapumzike na adha, wapate usingizi. Angalieni vizuri lakini: hasemi inaponya huzuni. Anasema inasahaulisha.

Sasa ilikuwaje sisi tukaijua kama mama wa wazimu? Mnakumbuka kwetu, ukisema neno lisiloeleweka unaulizwa, "Umevuta bangi?" Waingereza walipoona hospitali za vichaa za India zimejaa watu waliosajiliwa kuwa wameharibiwa na bangi, waliunda tume, 1893 hadi 1894. Tume ikafuata daftari kwa daftari, ikagundua kwamba mara nyingi bangi iliandikwa kuwa chanzo bila uchunguzi wa maana. Ikasema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa akilini, ya kupindukia yanaweza kuwa nayo. Ripoti hiyo haikufua dafu. Mwaka 1925, huko Geneva, Misri ilidai bangi iingizwe katika mkataba wa kimataifa wa madawa ya kulevya, ikaingizwa.

Na huzuni yenyewe je? Hapa ndipo paliponiuma. J. C. Carothers, aliyesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika mwaka 1947 kwamba sonona ni adimu kwa Mwafrika, na sababu akaitafuta katika utamaduni na akili zetu. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamchapishia maelezo yake juu ya saikolojia ya Mau Mau! Hakuuliza sana kwamba mtu aliyekaa kimya kibandani akilia hapelekwi Mathari. Anayepelekwa ni yule anayerusha mawe. Ilipofika 1979, Orley na Wing walipima wanawake katika vijiji viwili vya Uganda wakakuta sonona nyingi kuliko kusini-mashariki mwa London.

Texas nayo ina hadithi yake. El Paso ilipiga marufuku bangi mwaka 1915, hofu ya Wamexico ikiwa nyuma yake. Sheria ya nchi nzima ya 1970 ikaipanga pamoja na heroini. Mwaka 2015 Texas ikafungua tundu dogo kwa wagonjwa wa kifafa sugu. 2021 ikaongeza saratani zote na kiwewe cha baada ya maafa. 2025 ikaongeza maumivu sugu na mengineyo. Sonona haimo. Kwa hiyo mkimbizi wa Kivu anayeshtuka usiku kwa milio ya bunduki anaweza kuandikiwa na daktari, mjane wetu hawezi.

Tena kuna mtego ambao vijana hawautaji. Mzee huyu ana maombi ya uraia. Mwaka 2019, Aprili, idara ya uhamiaji ilitangaza kwamba kutumia bangi, hata katika jimbo linaloiruhusu, kunaweza kuhesabiwa kasoro ya mwenendo mwema kwa mwombaji. Dukani Oklahoma hawakwambii hilo.

Wenzangu watasema: kama wakoloni walitudanganya kuhusu wazimu, basi bangi ni dawa. Haifuati hivyo. Mapitio ya tafiti katika Lancet Psychiatry, 2019, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu sonona. Mapitio mengine ya mwaka huohuo yalionyesha kwamba wanaoivuta wakiwa vijana wana uwezekano mkubwa zaidi kiasi wa kupata sonona baadaye. Anayepata nafuu ya jioni moja hasemi uongo, ila jioni moja si matibabu.

Nilimweleza mzee yote haya, na wiki iliyopita nikamsindikiza kwa daktari. Wakamletea karatasi ya maswali tisa, nami nikiwa mkalimani. Swali la pili likanikwamisha: "huzuni" ilionekana ndogo, "wazimu" ni tusi. Nikamwuliza, "Mzee, unasonona?" Akainamisha kichwa, akasema, "Kila siku, mwanangu." Nikajaza kisanduku cha mwisho.