Mwant Yav: nasaba ya wafalme wa Walunda na miji yake

Mwant Yav (pia Mwata Yamvo) ni cheo cha mfalme mkuu wa Walunda. Makao yake, Musumba, yapo Kapanga, kaskazini mwa mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dilolo, kwenye mpaka wa Angola, iko mbali kusini, lakini machifu wa huko, Walunda kwa Wachokwe, wanatajwa katika masimulizi yaleyale ya nasaba hii.

Masimulizi yanaanza na Ruwej, binti Nkond, aliyeachiwa na baba yake bangili ya utawala, lukan. Akaolewa na Chibind Yirung, mwindaji kutoka Uluba. Kaka zake, Chinguli na Chinyama, hawakukubali kutawaliwa na mgeni, wakahama na watu wao. Wanahistoria wengi huyasoma haya kama maelezo ya vyeo kuliko habari za watu waliopata kuishi, na wana haki: kwa Walunda cheo ndicho chenye ukoo. Anayekirithi hurithi pia jina la mtangulizi wake na undugu wake wote. Hivyo Kazembe wa Luapula, ambaye ufalme wake ulichipuka huko katika karne ya 18, humhesabu Mwant Yav kuwa baba hata leo. Wanawake nao wana vyeo vizito: Lukonkesh ni mama wa mfalme, na Swan Murund anashika nafasi ya Ruwej.

Nyumba hazikurithiwa. Mwant Yav mpya alijenga musumba yake mwenyewe, kwa miti na nyasi, katika nchi iliyo kati ya mito Kalanyi na Lulua. Ramani yake ilifuata umbo la kobe, kichwa kikielekea mashariki, na ndani ya uzio kila mwenye cheo alijua mahali pake. Mjerumani Paul Pogge alifika huko mwaka 1875, na Mreno Henrique de Carvalho mwaka 1887.

Carvalho alikuta ufalme umevunjika. Wachokwe, wawindaji wa tembo na wafanyabiashara wa mpira wenye bunduki nyingi, walikuwa wameingizwa katika ugomvi wa wana wa mfalme. Muda si muda wakaiteka nchi kwa faida yao. Viongozi wa Walunda, Mushid na Kawel, waliwapinga, kisha wakapigana na Dola Huru la Kongo. Wabelgiji wakamtambua Muteb a Kasang, na tangu enzi zao Musumba haikuhamahama tena.

Kaumb alitawala 1920–1951, kisha Ditend Yav Naweej III hadi 1963. Mkwewe Ditend alikuwa Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba, aliyetangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Si haki kumwona kama mfanyabiashara aliyeingia siasa tu, maana nguvu yake miongoni mwa Walunda ilipitia pia baraza la mkwewe. Baadaye ndugu wa Moïse naye alikuwa Mwant Yav, kisha Thomas Tshombe, aliyeitwa Kawel II, kuanzia 1984. Mushid III alimrithi mwaka 2005.

Reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931, ilipita Dilolo na kuiacha Musumba kando. Shaba na biashara vikafuata reli. Mashauri ya urithi wa machifu bado yanapelekwa Kapanga.