Safari ya Motokaa Isiyoshikwa Usukani

Watu wengi hudhani ya kuwa uvumbuzi ni kazi ya wenye fedha nyingi tu. Kisa cha Dean Pomerleau na Todd Jochem, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, chatuonyesha vingine.

Mwaka 1986 chuo hicho kilitengeneza gari lake la kwanza la kujaribia kazi hiyo. Lilikuwa gari kubwa lililosheheni kompyuta nzito, nalo lilikwenda polepole mno. Miaka tisa baadaye, Julai 1995, mabwana hao wawili walitoka Pittsburgh kwenda San Diego, mwendo wa maili 2,800 na zaidi, kwa motokaa ya kawaida ya abiria. Ndani yake mlikuwa na kamera, kompyuta ya kuchukulika, na vyombo vingine vichache. Ili kusaidia gharama za safari, waliuza fulana kwa dola 10 kila moja.

Je, waliwezaje? Hawakuitaka mashine ifanye kila jambo. Mafuta na breki vilikanyagwa na mguu wa binadamu. Mashine ilipewa usukani tu. Kamera iliitazama barabara, na kompyuta ikatafuta alama zinazokwenda sambamba na njia: mistari ya rangi, au hata weusi wa mafuta yaliyodondoka. Kisha ilikisia kona mbalimbali. Kisio lililozinyosha alama hizo vema kuliko mengine ndilo lililofuatwa.

Mashine iliongoza asilimia 98.2 ya safari. Msomaji atasema, kumbe limesalia jambo dogo! La, hasha. Zile maili 50 hivi zilizobaki ndizo zilizo ngumu. Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, motokaa ya majaribio iliyokuwa ikijiendesha ilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake. Mtu aliyewekwa kuiangalia alikuwamo ndani, lakini macho yake hayakuwa njiani.

Basi, mwenye fedha chache na aanze na sehemu moja ya kazi, aifanye vema. Lakini asisahau kuwa unafuu wa safari ile ulitokana na watu wawili waliokesha macho. Mashine ni rahisi kununua. Uhai hauna duka.