Mzee anapoanza kusahau: kazi za kila siku zinatuonyesha nini

Katika makusanyiko yetu ya mashariki, mtu mzee anapoanza kusahau, tunasema moja ya maneno mawili. La kwanza ni kwamba amerudia utoto, nalo halina ubaya mwingi. La pili linasemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mtoto wa jirani kufa: yule mama anatembea usiku, anasema peke yake, basi yeye si mtu wa kawaida. Neno hilo la pili limefukuza wazee katika nyumba zao, na katika vijiji vya Kivu limewaua wengine. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza hapa ugonjwa wenyewe.

Waganga wanauita demensia. Ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Lililo maarufu kati yao linaitwa kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeeleza habari za mgonjwa wake mwaka wa 1906. Lingine linatokana na mishipa ya damu ya ubongo, kwa mtu aliyekaa na tansio miaka mingi bila dawa, au aliyepatwa na kiharusi. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka wa 2021 watu milioni 57 walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 kwa 100 kati yao wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walikuta watu wapatao 6 kwa kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Anayesema huu ni ugonjwa wa Wazungu amekosea.

Lakini si kila kusahau ni demensia. Mzee anayetafuta jina la mjukuu wake kisha akalikumbuka jioni, hana ugonjwa. Kuna pia hali ya katikati: kumbukumbu imepungua kuliko ya watu wa umri wake, yeye mwenyewe anaona hivyo, lakini bado anaendesha maisha yake. Wengine wanabaki hapo miaka mingi. Mpaka uko kwenye kazi. Tunasema demensia pale ambapo mtu hawezi tena kufanya mambo aliyozoea kufanya, na sababu ni akili, wala si magoti au macho.

Hapa inafaa kukaa kidogo. Mwaka wa 1969 watafiti wawili wa Marekani, Lawton na Brody, walitoa orodha ya kazi ambazo mtu anahitaji ili aishi bila msaada: simu, kununua vitu, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa, kushika pesa. Orodha hiyo inatumiwa hata leo. Ila ukiichukua jinsi ilivyo ukaenda nayo Walungu au Masisi, utamkuta baba wa miaka 75 ambaye hajawahi kupika hata siku moja. Je, ni mgonjwa? Hapana, ni mila tu. Kwa hiyo kule Hai walitengeneza maswali yanayolingana na maisha ya kijiji. Sisi nasi tuulize yetu. Mama aliyeuza sombe miaka 30, je, bado anarudisha chenji sawasawa? Anatia chumvi mara mbili, au anasahau bugali kwenye mbabula mpaka inaungua? Baba aliyekuwa akipatanisha watu, je, bado anafuata maneno ya kesi mpaka mwisho? Anatoka kwenda ibada akapotea kwenye njia aliyopita maisha yake yote?

Kwa kawaida kazi ngumu ndizo zinazotangulia kuanguka: pesa, dawa, safari, mipango. Kuoga, kuvaa, kwenda choo na kula vinafuata baadaye sana. Na kwa kuwa kwetu mzee haishi peke yake, binti au mkwe anazichukua zile kazi ngumu mapema, kwa heshima, na hakuna anayeona mwanzo wa ugonjwa. Mara nyingi unaonekana siku familia inapokimbia vita. Kwake mama alijua maji yako wapi na makala yako wapi hata gizani. Katika kambi, au katika parsele ya ndugu huko Goma, hajui chochote, na watu wanasema ameharibika kwa siku moja.

Tofautisheni jambo hilo na mzee ambaye kweli amechanganyikiwa kwa saa au siku chache. Hiyo inaweza kuwa malaria, maambukizo ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa zisizopatana, nayo ni haraka ya kupeleka kituo cha afya. Mambo mengine pia yanafanana na demensia na yanaweza kutibiwa au kupunguzwa: huzuni nzito ya aliyefiwa, ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, masikio yaliyoziba, macho yenye mtoto wa jicho, pombe. Kwa hiyo muganga amwone kwanza. Kwa magonjwa ya akili watu wanajua SOSAME huko Bukavu na Tulizo Letu huko Goma. Na tuseme wazi kwa wenzetu wa huduma ya maombi: ombeni, lakini msimfungishe mzee saumu wala msimzuie kumeza dawa ya tansio.

Demensia yenyewe bado haina dawa ya kuiponya. Hata hivyo mengi hutegemea jinsi tunavyoishi na mgonjwa. Vitu vyake vikae mahali palepale. Apewe kazi anayoiweza bado, kuchambua maharage, kufagia mbele ya mlango, hata ikibidi mwingine arudie nyuma yake. Maagizo yawe moja moja. Asibishaniwe anapomwita mume aliyekufa zamani. Nyimbo za kitabu alizoimba ujanani mara nyingi hudumu wakati majina ya watoto yamepotea, kwa hiyo kwaya ikipita kwake Jumapili alasiri haipotezi wakati. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye nguo yake. Naye anayemlinda usiku, kwa kawaida mkwe ambaye hakuna anayemshukuru, apate siku ya kupumzika. Wamama wa kanisa wanaweza kupokezana kama wanavyopokezana katika likelemba.

Limebaki jambo la pesa na karatasi. Mzee wa kanisa anayeshika sadaka, hesabu zikianza kukosa, asiitwe mwizi kabla ya kuchunguzwa afya yake. Wawe wawili wa kuhesabu, kisha apewe huduma nyingine mbele ya wote, kwa heshima. Karatasi za shamba au parsele zizungumzwe mapema, angali anaelewa anachotia sahihi, watoto wote wakiwepo pamoja na mashahidi. Mtoto anayekuja peke yake jioni na wino wa kidole gumba, mchungaji asikubali kuwa shahidi wake.